Kuufuata Msimbazi, kutoka Pugu hadi Salenda

Jumatatu, Pugu

Saa moja asubuhi tulikuwa Pugu Kajiungeni, mimi na mzee mmoja mpima ardhi aliyestaafu. Ujana wake wote aliumaliza akichimbia bikoni, alama za mipaka ya viwanja, katika viunga vya Dar es Salaam, na ndiye aliyenishawishi tuufuate Mto Msimbazi tangu unakotokea mpaka unakoingia baharini, kwingine kwa miguu, kwingine kwa daladala na bajaji. Mto wenyewe una urefu wa kilomita 35 hivi. Hoja yake ilikuwa moja, juu ya Jangwani, bonde la mto huu katikati ya mji, na aliisema kabla hatujavuka barabara: "Mafuriko ya Jangwani hayaanzii Jangwani. Twende ukaone yanakoanzia."

Vilima vya Pugu viko upande wa Kisarawe. Msitu wake, pamoja na ule wa Kazimzumbwi, sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Ndani yake ardhi ni laini, imefunikwa na majani yaliyooza nusu. Mzee alichomeka fimbo yake, ikazama bila kusukumwa sana. Kisha akamimina maji ya chupa chini, yakapotea palepale. Tukatoka nje ya msitu, tukafika kwenye kipande kilichofyekwa na kuchomwa moto, udongo umekauka na kukakamaa. Akamimina tena. Maji yakakimbilia kwenye njia ya miguu, yakachukua vumbi, yakawa mekundu. Hakuongeza neno, na mimi sikuhitaji maelezo zaidi. Msitu huyapokea maji ya masika na kuyatoa kidogokidogo kwa miezi. Ardhi tupu huyatoa yote kwa saa chache, pamoja na udongo wake.

Huku juu Msimbazi ni kijito ambacho mtoto anakiruka. Hakuna anayekiogopa. Ndiyo maana hakuna anayekiwekea mpaka. Pembeni kabisa mwa msitu tulikuta alama za tanuri la mkaa, na mbele kidogo vibao vya viwanja vinavyouzwa, vimepigiliwa kwenye miembe na kuandikwa kwa rangi nyekundu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapa mita 60 zingeweza kupimwa leo kwa siku moja, zikapandwa miti na kuwekewa alama, bila kumbomolea mtu hata choo.

Jumanne, Buyuni

Leo tumeuacha mto kwa makusudi. Mzee alitaka nione Buyuni, huku barabara ya Chanika, moja ya maeneo ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Mengine ni Bunju, Mbweni, Kibada, Kisota, Toangoma na Mwanagati. Mvua ya huku huelekea Mto Mzinga, kwa hiyo Jangwani haihusiki. Lakini swali ni lilelile: mji unapopanuka, nani anatangulia, mpimaji au mjenzi?

Kwenye viwanja 20,000 alitangulia mpimaji, na inaonekana. Barabara zimenyooka. Gari la zimamoto linaweza kufika mlangoni. Kuna maeneo yaliyoachwa kwa shule, soko na viwanja vya michezo. Mtu aliyezoea vichochoro vya Manzese au Tandale akifika hapa anapumua.

Hata hivyo mwalimu mmoja tuliyemkuta kituoni alituambia anaamka saa kumi usiku ili awahi kazini mjini, na akirudi watoto wamelala. Kuanzia hapa hadi Kariakoo ni zaidi ya kilomita 25. Viwanja vikubwa vilinunuliwa na watu wenye uwezo, wengine wakaviacha vichakani miaka mingi wakisubiri bei ipande. Bomba la maji likaja kwa kuchelewa, maana kulaza bomba refu kwa nyumba chache ni gharama ambayo shirika lolote la maji litaisogeza mbele. Na mtu wa kipato cha chini, ambaye ndiye alihitaji zaidi kiwanja kilichopimwa, akakatiwa kipande na mwenye shamba kule bondeni kwa maelewano na karatasi ya serikali ya mtaa.

Nilimuuliza mzee angepanga vipi kama angerudishwa mwaka 2002. Alijibu haraka, kwa sababu ni jambo analolifikiria siku zote. Angevigawa vidogo. Angeanza na njia ya basi, kisha soko, kisha viwanja vifuatane kutoka kituoni kwenda nje, ili aliye mbali zaidi atembee dakika kumi tu. "Sisi tulipima ardhi," alisema. "Safari ya mtu hatukuipima."

Jumatano, Ulongoni na Kinyerezi

Tumerudi mtoni, na hii ndiyo siku niliyoandika kurasa nyingi kuliko zote.

Kutoka Gongo la Mboto tulishuka hadi Ulongoni. Kijito cha Jumatatu hakipo tena. Pana bonde lenye kingo wima, udongo mwekundu umekatika, na juu ya ukingo nyumba zinaning'inia, nyingine chumba kimoja kimeshakwenda na kimebaki ukuta wenye picha ya kalenda. Wenye nyumba wamejihami kwa walichonacho: viroba vya mchanga, matairi yaliyojazwa kifusi, miti ya mianzi, wenye uwezo wameweka mawe ndani ya nyavu za chuma. Kila mmoja amejihami peke yake, na hapo ndipo penye tatizo. Ukuta wa jirani wa juu unaupindua mkondo na kuusukuma kwa jirani wa ng'ambo. Yeye akijenga wake, maji yanakwenda kwa wa tatu.

Chini ya mto vijana walikuwa wanachota mchanga na kuupakia kwenye malori. Huo mchanga ndio unaofyatuliwa matofali ya nyumba zilezile zilizoko juu ya ukingo. Mto ukinyang'anywa mchanga wake kitandani, unautafuta kwenye kingo. Vijana wale wanalijua hilo vizuri. Mmoja alituambia anaishi mita chache kutoka hapo, na kwamba akipata kazi nyingine kesho, kesho hiyohiyo ataacha koleo. Kumfukuza yeye bila kumgusa anayenunua lori zima la mchanga kunaniumiza kila ninapokuona kukifanyika.

Tulipanda upande wa Kinyerezi na Segerea. Huku ni pazuri: nyumba za vigae, mageti ya chuma, bustani za maua kwenye vyungu. Mzee akaanza kuhesabu kwa sauti. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Mvua ya milimita 50, ambayo Dar es Salaam wakati wa masika si kitu cha ajabu, inaangusha juu ya kiwanja hicho lita 20,000. Hayo ni matangi 20 ya lita 1,000. Kama kiwanja kina udongo, nyasi na miti, sehemu kubwa inazama. Kama nusu ni bati na nusu ni pevingi, yaani vitofali vya kutandaza uwanjani, karibu yote yanatoka getini. Viwanja mia vya namna hiyo ni matangi 2,000, yote barabarani kwa saa mbili au tatu, na barabara haina mfereji.

Tulipita geti kwa geti. Uwanja wa pevingi, bomba la inchi nne limetobolewa chini ya ukuta, maji yanamwagwa njiani. Nyumba baada ya nyumba. Wenyewe ni watu wema, wanafagia mbele ya nyumba zao na wanachangia harambee za mtaa. Hakuna aliyewaambia kwamba maji yakitoka getini kwao yanakwenda kuondoka na chumba cha mtu Ulongoni na kuifunga barabara Jangwani. Kibali cha ujenzi kinauliza kuhusu ukubwa wa vyumba na umbali wa choo. Ningependa kiulize pia: maji ya mvua ya kiwanja hiki yatakaa wapi? Shimo lililojazwa kokoto, tangi la kuvunia maji ya bati, ukanda wa nyasi pembeni mwa ukuta, vyote hivyo fundi wa kawaida anaviweza.

Mchana tulirudi Ulongoni, tukakaribishwa kwenye mkutano wa mtaa, chini ya mwembe nje ya ofisi ya serikali ya mtaa. Ajenda ilikuwa urasimishaji. Kwa wasioujua utaratibu huu: watu wameshajenga bila mchoro, sasa mchoro unachorwa juu ya nyumba zilizopo, kila mwenye kiwanja anaachia kipande kwa ajili ya njia, kisha wanapimiwa na kupewa hati. Jambo zuri. Watu wanachanga wenyewe gharama za upimaji na wanajadiliana wenyewe, na mzozo wote huwa kwenye kile kipande cha kuachia.

Njia iliyokuwa inajadiliwa ilikuwa na upana wa mita tatu. Afisa mipango miji alitaka ifike sita, ili gari la wagonjwa lipite na upande mmoja uchimbwe mfereji wa kwenda kalavati la chini. Maana yake kila upande uachie mita moja na nusu. Mama mmoja alisimama, akamwamkia mwenyekiti, akasema:

"Mwenyekiti, mimi sikatai barabara. Lakini ukuta wangu nimeujenga kwa miaka minne, tofali kwa tofali. Jirani yangu hapa hana ukuta, yeye kuachia ni rahisi. Mimi nani atanijengea?"

Mzee wangu aliomba ruhusa ya kusema. Alimwita "mwanangu," akamwomba amwonyeshe ukuta. Mkutano mzima ukahamia huko. Akapima kwa kamba, akaonyesha kwamba njia ikipinda kidogo kuelekea upande wa kiwanja kisicho na ukuta, mama atapoteza nusu mita tu, na ukuta utabaki isipokuwa nguzo moja ya geti. Mwenye kiwanja kitupu alinung'unika kwanza, halafu akauliza kama mfereji unaweza kupita upande wake, maana uwanja wake hujaa maji kila masika. Wakaafikiana kwa hao wawili. Zimebaki nyumba kumi na kitu mpaka kalavati, na kila moja ina ukuta wake na historia yake. Mwenyekiti akaahirisha mkutano hadi wiki ijayo.

Saa mbili nzima kwa nusu mita! Niliona mpango mji unavyotengenezwa kwa kweli, na niliona pia ni kiasi gani cha uchungu kingeepukwa kama njia ile ingechorwa wakati pale ni shamba la mihogo.

Alhamisi, Vingunguti

Tabata tulipita haraka kwa bajaji. Tuliteremka Vingunguti, karibu na mabwawa ya majitaka.

Sehemu kubwa ya wakazi wa mji huu wanatumia vyoo vya shimo, na Vingunguti maji ya ardhini yako karibu sana. Mvua kubwa ikinyesha, baadhi ya watu hutapisha vyoo: hutoboa shimo pembeni na kuachia uchafu uende na maji ya mvua. Wanafanya hivyo usiku. Gari la kunyonya halifiki kwao, kichochoro ni chembamba, na likifika bei yake ni kubwa kuliko kodi ya chumba. Halafu maji hayo hayo yanaingia mtoni, ambako chini kidogo watu wanalima mchicha na matembele yanayouzwa sokoni. Kipindupindu hakihitaji maelezo zaidi ya hayo.

Lakini hapa pana jambo lililonifurahisha kuliko yote ya wiki hii. Kipande kimoja cha Vingunguti, wakazi waliojiunga kwenye vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la wakazi maskini wa mijini, wakisaidiwa na CCI, shirika lisilo la kiserikali, walilaza mfumo mwepesi wa majitaka. Mabomba ni membamba, yamefukiwa kina kifupi, yanapita nyuani mwa nyumba badala ya barabarani, yanakutana kwenye chemba ndogondogo, kisha yanateremkia kwenye mabwawa ambayo yalikuwepo jirani miaka yote bila wao kuunganishwa. Walioshindwa kulipa gharama kwa mkupuo walilipa kidogokidogo.

Mama mwenye nyumba ya wapangaji alitufungulia mfuniko wa chemba bila kuona haya. "Shikamoo mzee, karibuni muone," alisema. Anaisafisha mwenyewe kwa fito ndefu. Choo cha kumwaga maji, wapangaji hawahami, watoto hawaugui tumbo kama zamani. Bomba hili halikuhitaji kubomoa mtaa. Lilihitaji mtu akubali kwamba kichochoro ni kichochoro, na afanye hesabu inayolingana nacho.

Mchana tulikaa na kijana mmoja aliyewahi kujitolea kwenye Ramani Huria, kazi iliyoanza mwaka 2015 ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa mitaa, walichora ramani za kata zinazofurika. Walipita nyumba hadi nyumba wakiuliza maji yalifika wapi, kiunoni au dirishani, wakapima mifereji na kuandika ipi imeziba. Kijana alisema waliojua zaidi walikuwa wauza maji ya mikokoteni na wakina mama wa genge. Kila mtu mtaani kwake ana ramani kichwani, kazi ilikuwa kuiweka kwenye karatasi ambayo mhandisi ataikubali.

Ijumaa, Jangwani na Magomeni

Hapa bonde ni pana. Upande mmoja Kariakoo, upande wa pili Magomeni, katikati barabara ya Morogoro. Mwaka 1978 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090. Mpango mkuu wa mwaka 1979 uliliweka bonde hili kuwa ardhi ya hatari, isijengwe. Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728. Kati ya namba hizo mbili kuna maelfu ya familia zilizojenga bondeni kwa sababu rahisi sana: unatoka Jangwani kwenda Kariakoo kwa miguu, hulipi nauli, na mgongo wako ukiwa ndio mtaji, kuwa karibu na soko ndiyo riziki.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 mjini. Serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande, karibu kilomita 30 kaskazini, wakapewa viwanja. Wengi walirudi au walipangisha tena karibu na mjini. Nimewahi kuwasikia watu wakiwaita wakaidi. Mbeba mizigo wa Kariakoo ukimpeleka Mabwepande umempa ardhi na umemnyang'anya kazi, kisha unamlaumu kwa kufuata kazi yake.

Linganisha na waliohamishwa Kurasini mwaka 2008 kupisha upanuzi wa bandari. Baadhi yao, wakiwa kwenye shirikisho hilohilo nililolitaja jana, waliamua pamoja watakwenda wapi, wakanunua ekari 30 Chamazi kwa mkopo, wakachora viwanja vyao, wakafyatua matofali wenyewe. Nako ni mbali, na ujenzi ulikwenda polepole. Lakini walihama pamoja na majirani zao na walikuwa na sauti tangu siku ya kwanza.

Mradi wa mwendokasi, wa mabasi yaendayo haraka, ulianza Mei 2016, kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani. Nautetea kila ninapopata nafasi. Umewarudishia watu saa nyingi za maisha yao, na mwaka 2018 mji ulipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa ajili yake. Ila karakana ya mabasi ilijengwa hapahapa Jangwani, ndani ya bonde, na mvua kubwa zikaikuta humo pamoja na mabasi. Usafiri mzuri na mahali pabaya havikutakiwa kukutana. Wahandisi wa barabara, wa maji na wa mipango miji walikuwa kila mmoja na mchoro wake.

Sasa kuna mradi wa Bonde la Msimbazi. Mazungumzo yake ya mwaka 2018 yaliwaweka wakazi, wataalamu na ofisi mbalimbali kwenye meza moja, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200, pamoja na fedha za Uholanzi na Uhispania. Mto utachimbwa na kupanuliwa, daraja la juu litajengwa Jangwani, karakana itahamishwa, bonde litakuwa bustani ya mji inayoruhusiwa kufurika, na ardhi iliyoinuliwa pembeni itajengwa. Tuliona sehemu zilizokuwa na nyumba zikiwa tupu baada ya wenyewe kulipwa fidia. Ninaunga mkono. Swali langu ni la Jumatano: bustani na daraja vitapokea matangi mangapi kutoka Kinyerezi miaka 20 ijayo, kama kila kiwanja kipya huko juu kitafunikwa kwa pevingi? Mradi una kazi za kupanda miti na kuzuia mmomonyoko huko vilimani, na mimi ningeanza na hizo.

Jioni tulivuka kwenda Magomeni Kota. Kaya 644 zilizoondolewa kwenye nyumba za zamani za kota zilisubiri takriban miaka kumi, kisha mwaka 2022 yakazinduliwa maghorofa matano yenye makazi 656. Ardhi ileile, watu walewale wamerudi, na kituo cha mwendokasi ni mwendo wa miguu. Kusubiri kulikuwa kurefu mno na kuliwagharimu watu kodi na afya. Lakini ukitazama ramani, utaona kwamba familia 656 zilizowekwa hapa ni familia 656 ambazo hazikuhitaji kukata msitu Pugu.

Jumamosi, Sinza na Hananasif

Asubuhi Sinza. Mwaka 1974 na kuendelea, serikali pamoja na Benki ya Dunia zilipima hapa viwanja vidogo, vingi vya mita za mraba 288, zikaweka barabara na maji kwanza, kisha watu wakajenga wenyewe kwa uwezo wao. Hakuna aliyepewa nyumba. Leo Sinza ina maghorofa, maduka, baa, zahanati, shule, na bado unaweza kuelekeza mtu kwa jina la mtaa. Watafiti waliolinganisha maeneo ya mpango huo katika miji saba ya Tanzania walikuta kwamba palipopimwa kabla ya watu kuhamia, miongo kadhaa baadaye pana nyumba bora na huduma nzuri zaidi kuliko palipoboreshwa baada ya kujengwa.

Mzee alisimama kwenye kona akatazama njia iliyonyooka, akaniambia kwamba Sinza ndipo alipojifunza kazi, akiwa mshika fito. Sinza haikuwa na fedha nyingi. Ilikuwa na utaratibu wa kutanguliza kamba na bikoni. Nashindwa kuelewa kwa nini tuliuacha.

Mchana Hananasif, ng'ambo ya bonde, upande wa Kinondoni. Hapa ni kinyume: makazi yalijengwa kwanza, mafuriko yakawa ya kila mwaka. Miaka ya 1990, wakati mji ulikuwa kwenye Mradi wa Dar es Salaam Endelevu ulioanza 1992, wakazi wa Hananasif walijenga wenyewe mifereji na barabara za ndani kwa mikono, wakilipwa ujira, na kamati yao ndiyo iliyoingia mkataba wa kazi. Mifereji ile bado inaonekana. Mingine inafagiliwa, mingine imejaa chupa za plastiki na mapampasi. Fundi mmoja mwenye umri wa kama miaka 60 alituonyesha jiwe aliloliweka yeye. Mfereji ulio mbele ya nyumba za waliochimba ni safi zaidi kuliko ule wa mbele ya nyumba za waliohamia baadaye. Nadhani atakayerithi mfereji anahitaji naye kupewa sehemu ya kazi, walau ya kuuzibua.

Jumapili, Salenda

Mwisho wa mto. Tulisimama kwenye Daraja la Salenda, mto unapoingia baharini, wakati maji yamekupwa. Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika 2022, linapita juu ya maji upande wa bahari. Nyuma yetu mikoko bado ipo, imara, mizizi yake imekamata matope na mifuko. Mikoko ile inafanya kazi ambayo hakuna bajeti inayoilipa: inapunguza nguvu ya wimbi, inachuja tope, inalea samaki wadogo.

Matope yenyewe ni mekundu. Mzee aliyachukua kidogo mkononi akayasugua, akasema ni udongo wa Pugu, na mimi niliyeuona ukikatika Ulongoni sikubisha. Mvuvi mmoja alituambia kina cha mlango wa mto kimepungua tangu alipokuwa kijana, siku hizi maji yakikupwa ngalawa yake inakwama pale alipokuwa akipita bila kuangalia. Mashine zitachimba na kuondoa. Lakini kila lori la tope linalochimbwa hapa ni udongo wa shamba la mtu, ukuta wa mtu na barabara ya mtaa fulani huko juu, na masika yanayofuata yataleta mwingine kama hakuna kilichobadilika kwenye viwanja.

Mzee alipigiwa simu tukiwa bado darajani. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti wa mtaa wa Ulongoni. Nyumba saba zaidi zimekubali kuachia njia, tatu zimekataa, na moja ya hizo tatu iko mbele kabisa ya kalavati, kwa hiyo bila yeye mfereji hauna pa kumwagia. Mwenyewe hayupo, ni mtu wa Mwanza anayepangisha, anasema hadi aone mchoro wenye vipimo ndipo atajibu. Mzee aliuliza kamba yake ya mita 50 iko kwa nani. Tumekubaliana tukutane Gongo la Mboto kesho saa mbili, tupime upya kutoka kalavati kwenda juu, tumpigie picha ukuta wake na alama za chaki, tumtumie.